Vipimo vya Mama Kaltumu

Tangu alfajiri Sulaiman hakuonja maji, wala hakuwa amefunga. Choo kilikuwa chini, cherehani yake ilikuwa ghorofa ya tatu, na magoti yake yalizikubali zile ngazi mara moja tu kwa siku. Basi alikaa na kiu yake, akiangalia kipande cha Ziwa Kivu ambacho hakuwa na haja nacho.

Miaka yote alishonea barazani kando ya duka la chumvi. Mteja akishuka kwenye pikipiki anamkuta. Kisha likaja agizo: barazani hakuna kazi tena, mafundi wote wapande jengo jipya. Aliyelileta ni Belise, binti wa ofisi ya usafi wa mji, mwenye adabu hadi inaudhi.

"Muzee, bageni banatoka Goma, banapita apa, banaona nini? Mabaki ya vitambaa?"

"Na haya magoti, mutoto yangu?"

"Ascenseur iko."

"Iko, lakini haitembei."

"Bon, itatembea. We anza kwanza."

Lifti yenyewe ilikuwa bado imevishwa nailoni ya dukani. Mafundi vijana walipanda mbio na wateja wao vijana. Wateja wa Sulaiman walikuwa wazee wenzake. Walifika kwenye ngazi ya kwanza, wakaitazama, wakageuka. Belise alirudi, kwa adabu ileile, kusema kwamba meza itakayokosa kazi hadi mwisho wa mwezi atapewa mwingine.

Ndiyo maana aliposikia sauti ya Mama Kaltumu chini, alijivuta haraka akachungulia dirishani. Mjane huyo alikuwa mteja wake tangu wote wawili wana meno.

"Sulaiman, niko na kitenge ya Idi. Shuka unipime."

"Siwezi, dada. Panda polepole."

"Na hii miguu?"

Alifikiri haraka. Akaifunga futi kamba yake kwenye uzi mnene, akaishusha ukutani mpaka ikamfikia mama yule mkononi.

"Izungushe kwa kifua, kisha unisomee namba."

Mama Kaltumu akaisogeza karibu na uso, akaisogeza mbali. Macho yake hayakuona namba hata moja. Gentil, mlinzi wa mlangoni, ambaye hakuwa mtu mbaya, akanyoosha mkono.

"Lete, maman, mi nikupime. Nitamuitia muzee namba kwa nguvu, asikie."

Wapita njia walikuwa wameanza kusimama. Mama Kaltumu akarudi nyuma, akakaza mtandio wake.

"Kifua yangu iitwe barabarani, Sulaiman? Mi, mujane, mbele ya batu?"

Aibu ilimjaa Sulaiman, yake na ya mama yule, na hakuwa na pa kuipeleka. Alikiona kitenge kikikunjwa, kikirudishwa kwapani, kikiondoka.

"Muzee," Gentil akaita, "vuta iyo kamba, inachafua mji."

Sulaiman akavuta. Futi kamba ikanasa kwenye bango la ghorofa ya pili, ikagoma. Hakuwa na nyingine, akaogopa isije ikakatika. Akabaki ameushika uzi kwa vidole viwili. Chini, Gentil alikuwa ametoka na fagio la mti mrefu, lile la kutolea utando wa buibui, akiliinua kuelekea bangoni.