Nani Anamwambia Sadala?

Sadala alifuga rasta na kupiga gitaa la nyuzi nne pale Bungu, mabasi yanaposimama. Abiria walimshangilia. Wenyeji walimtazama kwa jicho la pembeni, kwani nyimbo zake zilijua mambo mno.

Aliimba kwamba mashine ya kisima cha kitongoji haikuharibika, bali inamwagilia matikiti ya mwenyekiti, mzee Abdulswamadu. Siri ya ndani kabisa. Nani kamwambia? Wengine walidai ni mpelelezi, wengine kwamba ana majini. Alipofika kwenye kijiwe cha kahawa mazungumzo yalikatika. Hata msikitini, aliyesimama kulia kwake alijivuta kando.

Aliyemwambia ni Biasha, mke wa mwenyekiti mwenyewe. Akiuza korosho kwa abiria, aliinama karibu na gitaa kama anayefunga kanga, akanong'ona, akaenda zake.

“Wenzangu wanabeba ndoo kutoka bondeni na mashine iko kwetu,” alimwambia. “Ila ukinitaja, nimekwisha.”

Mwenyekiti akaitisha mkutano. “Huyu kijana katumwa,” akasema. “Kama hakutumwa, amtaje aliyemwambia.”

“Mtaje!” watu wakapaza sauti.

Biasha alikuwa amekaa na akina mama, akisokota pindo la kanga. Sadala hakuthubutu hata kugeuka upande ule. Jina moja tu lingemsafisha.

“Sina wa kumtaja, mzee,” akasema. “Twendeni shambani kwako. Mashine isipokuwepo, ninyoeni hizi rasta, nami sitaimba tena.”

Semeni, mjane wa jirani na kisima, akainuka. “Mimi nakwenda.” Watu wakamfuata.

Mashine waliikuta chini ya makuti, bado ya moto.

Kesho yake kisima kilitoa maji, lakini hakuna aliyemshukuru Sadala. Kama alilijua la mwenyekiti, atashindwa kulijua langu? Kila mtu alijiuliza hivyo kimoyomoyo. Muuza kahawa akamwambia, “Kaka, tafuta kijiwe kingine. Wateja wananikimbia.”

Sadala akahamia Ikwiriri.

Nyumbani, mwenyekiti aliweka kijiko chini, akamkazia macho mkewe. “Biasha, yule mhuni unamfahamu?”

“Nimfahamie wapi mie?” Biasha akajibu, akamwongezea mchuzi.

Mzee hakuugusa.