Usingizi wa Wahome Ulivyosukumwa Mbele

Hoteli ya Ngendo, pale Nanyuki nyuma ya soko, ilikuwa na meza sita na mabenchi kumi, na hakuna siku mabenchi yalitosha. Watu walikuja kwa chai na mandazi, wakabaki kwa habari. Nani ameachwa, nani amerudiwa, nani amenunua kabati la kioo na bado analala na kuku chumba kimoja, yote yalipita kwa Ngendo kabla hayajafika kanisani.

Ila mwaka huo wa sabini na nane, habari kubwa ya hoteli ilikuwa ya nyumbani kwake mwenyewe. Wahome, mwanawe wa pekee, alikuwa kidato cha nne na usingizi wake ulikuwa umegeuka juu chini.

Chanzo kilikuwa bekari. Likizo ya Agosti kijana alikwenda kumsaidia mzee Kingori, fundi wa mkate, na mkate huokwa usiku ili kukipambazuka uwe dukani. Mwezi mzima alikanda unga usiku akalala mchana. Likizo ikaisha, bekari akaiacha, lakini mwili ukakataa kuiacha. Usiku macho yalikuwa makavu kama ya bundi. Ikifika saa kumi na moja alfajiri, kope zinaanguka, saa ile ile wenzake wananawa uso waende shule.

Mwalimu Moffat alileta karatasi ya mtihani wa majaribio yeye mwenyewe, akaiweka mezani kati ya sukari na chumvi. Mistari saba ya historia ilikuwa safi. Wa nane ulianza vizuri, ukapinda, ukateremka hadi ukingo wa karatasi kama njia ya konokono.

"Mama Wahome, hapa ndipo alipotuacha," alisema mwalimu. "Huyu kijana si mjinga. Kama mtihani ungefanywa saa nane usiku angekuwa wa kwanza wilaya nzima. Lakini ule wenyewe ni Jumatatu ijayo, saa mbili asubuhi, na hakuna mtu atangojwa."

Siku ya karatasi hiyo Wahome alikuwa amerudi nyumbani na namba za rula zimejichora shavuni, tatu, nne, tano, na Ngendo hakuzisahau. Kijana alitaka ualimu. Bila kupita mtihani huo hakuna chuo kingemfungulia mlango, na mama alishaona mwanawe atakavyozeeka hapo hotelini akiosha vikombe na kupiga miayo.

Hoteli nzima ilitoa ushauri. Mmoja akasema maziwa ya moto. Mwingine akasema kitunguu chini ya mto. Ngatia, fundi wa viatu aliyekuwa na kibanda mkabala na hoteli, akasema kijana achapwe kidogo jioni, mwili uchoke. Walijaribu maziwa, wakajaribu kitunguu. Wahome alilala chali saa tatu usiku akinuka kama mchuzi, macho darini, mpaka majogoo.

Jumanne mzee Kingori alipita kuchukua chai yake, akasikiliza malalamiko yote, akapuliza kikombe.

"Nyinyi mnamvuta nyuma," akasema. "Usingizi ni kama lori limekwama huko Kangari wakati wa mvua. Ukilisukuma nyuma linazidi kuzama. Lisukume mbele."

"Mbele wapi, mzee?"

"Yeye analala saa kumi na moja alfajiri, si ndiyo? Kesho asilale mpaka saa tatu asubuhi. Alhamisi, saa saba mchana. Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Jumamosi, saa tatu usiku, na hapo amefika nyumbani. Sisi wa bekari tukirudi kazi ya mchana hufanya hivyo. Saa nane za kulala, halafu mnamwamsha. Lakini sikieni. Akiiba hata saa mbili tu za usingizi, mmerudi pale pale."

Shule ilikuwa imewapa watahiniwa siku hizo wajisomee nyumbani. Usiku haukuwa na shida, kijana angekaa na vitabu vyake kama alivyozoea. Shida ilikuwa mchana. Nani atamshikilia macho wazi?

Ngendo akatazama mabenchi yake kumi yaliyojaa watu wasiojua kunyamaza, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akatabasamu.

Jumatano ilikuwa rahisi. Alhamisi waligawana zamu. Wahome aliketishwa benchi la mlangoni penye baridi, na kila aliyeingia alilazimika kumpa habari moja ambayo hajawahi kuisikia. Kijana hakuwa mtu wa umbea, alimwacha mama yake aubebe wa familia yote. Lakini kichwa kikianza kuinama, mtu anamgusa bega, "Na unajua nani alionekana Nyeri na koti la shemeji yake?" Kichwa kinainuka chenyewe.

Ijumaa ikawa ya Anab. Anab aliuza maziwa, alikuwa jirani wa Ngendo ukuta kwa ukuta, na kwa kusimulia hakuwa na mwenzake mji mzima. Alileta mtungi, akaketi, akakunja shuka yake.

"Kijana yangu, wewe unamjua Hersi, mtoto wa ndugu yangu, ule wa kuuza ng'ombe. Basi Hersi aliambiwa kuna msichana Isiolo, anaitwa Marwo. Yeye ako na kazi, hawezi kwenda. Akatuma rafiki yake Awale, ati mwangalie huyo msichana, uniletee ukweli. Awale akaenda. Akakaa siku tisa."

"Siku tisa za kuangalia mtu mmoja?" aliuliza Ngatia, sindano mkononi. Alikuwa amehamishia viatu vyake hotelini.

"Hata mimi niliuliza hivyo. Akarudi, akamwambia Hersi, ndugu yangu, pole, msichana ako na makengeza, na jino moja limetangulia mengine." Anab akasimama, akachukua mtungi.

"Halafu?" alisema Wahome.

"Halafu nina maziwa ya kupeleka. Nitarudi saa tisa."

Ilikuwa saa sita. Wahome alikaa saa tatu nzima akibishana na Ngatia juu ya makengeza ya Marwo. Saa tisa Anab akarudi, akasogeza hadithi mpaka siku ya harusi, akaiacha tena mlangoni mwa bwana harusi. Saa kumi na moja kasorobo ndipo alipoimaliza: aliyemwoa Marwo ni Awale mwenyewe, na macho ya Marwo yalikuwa mazuri kuliko yote Isiolo. Wahome alicheka, akaenda chumbani, akalala kabla hajavua kiatu cha pili.

Basi ikabaki Jumamosi. Kijana alikuwa macho tangu saa saba usiku. Asubuhi soko lilimsaidia kwa kelele zake, mchana alibeba magunia ya viazi ya watu bila kuombwa. Lakini jioni mvua ikanyesha, watu wakakimbilia kwao, na Anab akaenda kuswali magharibi. Saa moja walikuwa watu watatu tu, mama, mwana na Ngatia, na Ngatia akaanza kuwaeleza juu ya kesi yake ya mpaka wa shamba. Aliieleza toka kigingi cha kwanza. Alipofika kigingi cha nne, paji la uso la Wahome lilikuwa limegusa meza.

"Ngatia," alisema Ngendo polepole, "nenda nyumbani."

"Lakini bado sijafika kwa hakimu."

"Hakimu atangoja. Nenda tu, baba."

Akafunga mlango. Akamwinua kijana, akampa chai ya rangi kali, akamtembeza kati ya meza. Akamwambia ya Gathoni na kabati la kioo. Alishaisikia. Akamwambia ya mchungaji na pikipiki. Alishaisikia mara mbili. Saa ya ukutani ilisema saa moja na nusu. Saa moja na nusu nyingine ilikuwa imebaki, na Ngendo, mwanamke aliyekuwa na habari za watu kutoka Nyeri mpaka Laikipia, alikuwa ameishiwa.

Moja tu ndiyo iliyobaki. Hiyo hakuwa amempa mtu yeyote.

Mumewe Mathenge alikuwa ameondoka Wahome akiwa na miaka mitano. Ngendo aliwaambia watu amepata kazi Arusha. Watu walipoanza kuuliza mbona haji hata Krismasi, bahati ikamwangukia, mwaka wa sabini na saba mpaka wa Tanzania ukafungwa, na Ngendo akapata jibu la kumtosha miaka yote ijayo. "Ningependa aje, lakini si mnajua mpaka umefungwa." Wateja wakatikisa vichwa kwa huruma. Lakini usiku mwingi hakulala vizuri, akihesabu ni nani siku moja atapita Sagana na kumwona.

Wahome alikuwa ameketi tena. Kidevu kilikuwa kikishuka.

"Baba yako hayuko Arusha," alisema Ngendo.

Kidevu kikasimama.

"Hajawahi kuwa Arusha. Ako Sagana. Ako na bibi mwingine huko, na watoto. Anaziba pancha, karibu na daraja." Akamsogezea kikombe cha chai. "Basi. Nimekwambia. Sasa huwezi kulala."

Wahome alifungua jicho moja, halafu la pili.

"Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Hiyo. Nilijua nikiwa darasa la sita. Anab aliniambia."

Ngendo aliketi. "Na Anab alijulia wapi?"

"Kwa Ngatia. Naye Ngatia aliambiwa na mzee Kingori. Gari la mkate lilipata pancha Sagana, na aliyeiziba ni baba. Ati aliuliza kama bado unaweka sukari nyingi kwa chai."

Ngendo aliwaona akilini mmoja mmoja, Kingori akipuliza kikombe, Ngatia na sindano, Anab na mtungi wake, jinsi kila mwezi mmoja wao alivyouliza kwa uso wa msiba, "Mpaka bado, Mama Wahome?" naye akajibu, "Bado." Watu hao hao ambao hawakuweza kutunza siri ya kitunguu. Miaka yote hiyo waliilea ya kwake kama yai.

"Wanafiki wakubwa," alisema, na kicheko kikamtoka kabla hajamaliza, kicheko cha machozi, cha kushika meza. Wahome naye akaanza kucheka.

"Kwa nini hukuniambia unajua?"

"Ulikuwa unaifurahia Arusha, mama. Ulikuwa unatuambia hata bei ya mchele huko."

"Nilifikiri ukijua utamfuata."

"Nilienda," alisema Wahome. "Mwaka jana, tulipocheza mpira Murang'a. Basi lilisimama Sagana, nikanunua soda, nikamwangalia nikiwa ng'ambo ya barabara. Ako na kitambi. Nikamaliza soda nikapanda basi."

Basi wakazungumza. Ngendo alimweleza mambo ya baba yake, mazuri na ya kuchekesha na yale mengine, na kijana akauliza maswali kama mtu aliyeyaweka akiba. Wote wawili walisahau saa. Walipoitazama ilikuwa saa tatu na dakika tano.

"Nenda," alisema Ngendo, na safari hii hakusikia mtu akigeuka geuka kitandani. Alisikia mkoromo.

Jumapili ilikwenda hivyo hivyo, kijana macho mchana, chini saa tatu. Jumatatu Ngendo alifumbua macho, na jambo la kwanza alilosikia ni kimya. Hoteli yake haikuwa na kimya. Mwanga wa jua ulikuwa ukutani, juu sana. Aliruka, akaenda chumba cha Wahome. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, kalamu hazipo.

Akafungua mlango wa hotelini. Mabenchi kumi yalikuwa yamejaa. Watu walikunywa chai wakinong'ona kama kanisani, Anab alikuwa jikoni akikaanga mandazi, na Ngatia alikuwa akipiga msumari wa kiatu uliofunikwa kitambaa ili usilie.

"Saa ngapi?" aliuliza Ngendo.

"Saa mbili na robo," alisema Anab. "Alitoka saa kumi na mbili na nusu, akiwa amenawa, akiwa amekula. Alisema tusikuamshe, hujalala hivi siku nyingi."

Ngatia akainua kichwa.

"Mama Wahome," akauliza, uso wa msiba ule ule, "mpaka umefunguliwa?"

Ngendo akawatazama mmoja baada ya mwingine, akajifunga leso kiunoni.

"Umefunguliwa," akasema. "Na wewe nakudai kikombe cha pili, maana umekaa hapo na hicho kimoja tangu alfajiri."

Kelele zikarudi mahali pake.

Saa saba Wahome aliingia. Ngendo alimshika kidevu mbele ya watu wote, akageuza uso wake upande huu, akaugeuza upande ule. Mashavu yalikuwa safi. Wino ulikuwa vidoleni tu.

"Niliomba karatasi ya kuongeza," alisema kijana. "Mara mbili. Kuna githeri?"