Mshumaa Mnene wa Hajja Inshirah

Hajja Inshirah, mama mkwe wa dada yangu, ni mchokozi. Nalisema hili hata mbele yake. Siku ya saba ya mtoto, hapa mjini kwetu Tanta, kila jina lililopendekezwa huwashiwa mshumaa wake, na utakaodumu kuliko wenzake ndio unaompa mtoto jina. Basi yeye kaja na mshumaa mnene kama mchi, wa jina lake mwenyewe! Dada yangu Abir aliwasha kishumaa chembamba, cha jina Jud.

"Jud ndiyo nini?" Hajja akauliza.

"Ukarimu, Mama."

"Mtoto wa kinyozi naye ni Jud, na ni dume! Mjukuu wangu wa kike aitwe hivyo?"

"Linafaa kwa wote, Mama. Ndiyo majina ya siku hizi."

"Siku hizi! Makubwa haya."

Roho iliniuma, maana wana wawili wa kwanza wa Abir, Abdulmuti na Tafida, majina yao aliyatoa Hajja. Abir alitaka huyu mmoja tu amchagulie jina yeye aliyemzaa.

Mtoto akalazwa kwenye ungo. Hajja akanyakua kinu cha shaba, akakiweka kando ya sinia la chumvi iliyosimamishiwa mishumaa, akaanza kutwanga karibu na sikio la mtoto, kama desturi.

"Msikilize bibi yako! Usimsikilize mama yako!"

Tukacheka, tukapiga vigelegele, naye akazidi kupandisha mzuka. Akatwanga hata sinia likaruka. Mshumaa wake ukaanguka pu! chumvini, ukazimika. Cha Abir kilibaki kipande, lakini kinawaka.

"Hiyo haihesabiki!" Hajja akafoka.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," nikamwambia.

Nilingoja anitukane. Badala yake akauweka mchi chini. "Nilitaka jina langu libaki humu ndani nikifa. Basi."

Abir akainuka, akauokota ule mshumaa, akauwasha tena na kuusimamisha. Jamani! Nilitamani kumfinya. Ushindi uko mkononi, yeye anaurudisha!

Hajja akautazama ukiwaka, akamtazama Abir. Kisha akaupuliza mwenyewe, fuu. Akamtoa mtoto kwenye ungo, akambusu.

"Jud," akasema polepole, kama anayeonja mchuzi. "Haya, Jud wa bibi. Lakini Abir, wa mwakani ni Inshirah."

"Na akiwa wa kiume, Mama?"

"Atajijua mwenyewe!"