Kidonda cha Kulala

Miaka thelathini na miwili mzee huyu alisahihisha maandishi katika kiwanda cha uchapaji, hata wenzake wakambandika jina la Kalamu Nyekundu. Sasa alikuwa na wiki ya tano wodini, kitanda cha ukutani, nyonga imevunjika na usingizi umempa kisogo. Binti yake wa pekee aliishi nchi ya mbali. Simu ya mzee ilipasuka siku ile ile aliyoanguka, na tangu hapo hakuisikia sauti ya mwanawe. Alijiambia kwamba mtoto ana shughuli zake. Alijiambia hivyo mara nyingi mno.

Asubuhi moja, nesi akimgeuza amsafishe kidonda cha kiunoni, mzee alichungulia faili akaona neno geni: dekubitasi. Nesi alisema ni kidonda cha kulala tu. Jibu hilo halikumtosha, akamvizia daktari.

Daktari alikuwa mwanamke wa mbiombio, lakini siku hiyo alikuwa na dakika mbili. Alimweleza kwamba neno ni la Kilatini, maana yake kulala chini, kujinyoosha, si lazima kusinzia. Alifundishwa kuwa lina undugu na neno la kiwiko, kwa kuwa watu wa kale walijilaza wakiegemea kiwiko, hata karamuni.

"Wakila pamoja?" mzee aliuliza.

"Pamoja, babu."

Daktari alipokwenda zake, mzee aliomba faili. Siku baada ya siku nesi alikuwa ameandika: amelala. Akamwambia kwa upole kwamba hapo pana kosa. Neno kulala kwa Kiswahili ni kujinyoosha na ni kusinzia pia, na yeye hajapata hata lepe la usingizi. Aongeze: yu macho.

Nesi alicheka, kisha kicheko kikamkatikia.

"Babu, binti yako hupiga simu ya wodi. Kila mara namwambia umelala. Husema basi, usiamshwe, nami kwa shughuli nasahau kukuambia."

"Amepiga mara ngapi?"

"Karibu kila siku."

Mzee aligeuzia uso ukutani. Nesi alikwenda kuleta simu, akabonyeza namba ya binti, akamwekea sikioni. Iliita sana. Ilipopokelewa, sauti ilikuwa ya mtu aliyejiandaa kwa habari mbaya.

"Ni baba, mwanangu," mzee alisema. "Niko macho."

Upande wa pili kilisikika kilio tu. Mzee hakumnyamazisha. Wiki tano hakuwa amesikia hata hicho.