Uzito wa Puani

Jumapili ya tatu ya Oktoba Zahida aliiweka ile ndege juu ya meza kwa mara ya nne, akaondoa mkono polepole, na kwa mara ya nne ndege ikaketi kwa mkia. Gurudumu la mbele lilining'inia hewani, pua ikatazama dari. Akaigeuza ielekee dirishani. Ikaketi vilevile. Akainuka, akaenda jikoni, akasahau alichofuata, akarudi.

Ndege yenyewe ilikuwa na urefu wa rula ya shule. Ilikuwa mfano wa mig, ile ndege ya kivita ya zamani yenye bomba moja nyuma na mdomo wazi mbele, na marehemu baba yake, Badrudin fundi saa, aliijenga kwa miaka minne. Badrudin hakuwa mtu wa vitu vya kuchezea. Jirani yao wa zamani, Tejas, aliyehamia Uingereza, ndiye aliyemletea kisanduku chake alipokuja Morogoro kusalimia, akamwambia, "Bwana Badru, hiki kitakushinda hata wewe." Badrudin alilichukua neno hilo kama tusi.

Na kweli kilikuwa cha kushinda watu. Mwili na mabawa vilikuwa vya plastiki, lakini nusu mbili za mwili hazikuwa na vishikizo vya kuzikutanisha. Ilibidi usugue, upime, usugue tena. Kiti cha rubani na bomba la nyuma vilikuwa vya resini, kitu kizito ambacho vumbi lake linakereketa koo. Vidude vya mbele ya rubani vilikatwa kwenye bati la shaba jembamba kama karatasi, vingine vidogo kuliko punje ya mchele, vikakunjwa kwa kibano. Miguu ilikuwa ya madini laini yanayopinda ukiyashika vibaya. Kioo kilikuwa cha plastiki kavu kama ile ya pakiti za vidonge, unakikata mwenyewe, na ukikosea hakuna kingine. Kila kitu kilitaka gundi yake na subira yake.

Maelekezo yalikuwa karatasi moja yenye michoro kumi na minane. Kila mchoro aliomaliza, Badrudin aliutilia alama ya vema kwa penseli. Zahida alikuwa ameikagua karatasi ile mpaka mikunjo yake imeanza kuchanika. Wa kwanza, vema. Wa pili, vema, na kuendelea mpaka wa nane. Wa tisa, unaoonyesha uzito wa gramu ishirini na tano ukiwekwa ndani ya pua ili ndege isilale kwa mkia, haukuwa na alama yoyote. Wa kumi, wa kufunga mwili, vema.

Tangu aione nafasi ile tupu, Zahida hakuweza kukaa mahali pamoja.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa kwanza mwaka huu alimnyang'anya baba yake ufunguo wa duka. Duka lao lilikuwa karibu na soko kuu. Yeye aliuza betri na saa za ukutani mbele, mzee akitengeneza saa nyuma ya kioo. Katika wiki moja mzee alimpa mteja saa ya mtu mwingine, mara mbili. Wiki iliyofuata saa ya mwalimu Bernadeta ilikutwa ndani ya kikombe cha chai, imefunguliwa mgongo. Wateja walicheka, kisha wakaacha kucheka. Ijumaa, kabla mzee hajaenda msikitini, Zahida alimwambia, "Baba, sasa pumzika."

Badrudin alifungua ufunguo kiunoni, akaulaza juu ya kioo. "Yanayonipotea ni majina, Zahida. Mkono wangu haujasahau kitu."

Zahida aliuchukua. Mzee akabaki nyumbani na mig yake miezi saba. Mwezi wa saba aliufunga mwili wa ndege, akausugua mshono mpaka hauonekani, akaipulizia rangi ya kijivu ya msingi. Mwezi wa nane, asubuhi moja akinawa uso, moyo ukasimama.

Kwa hiyo ikiwa mzee alisahau ule uzito, basi hata mkono ulikuwa umeanza kusahau, na Zahida alifanya sawa. Ikiwa hakusahau, basi alimfungia nje fundi aliyekuwa bado fundi. Jibu lilikuwa ndani ya plastiki. Aliitikisa ndege sikioni, haikulia. Aliipima kwenye mizani, lakini hakujua ingepaswa kuwa na uzito gani. Alifanya hivyo kila siku kabla ya kwenda dukani, kama mtu anayepima homa.

Jumatatu alifunga duka mapema akaenda Mafiga kwa Amosi, fundi wa matairi. Kwa ajili ya uzito wa ndege, baba yake alikuwa akichukua kwake vile vipande vya risasi vya kusawazishia magurudumu.

"Pole na msiba, dada," Amosi alisema, akijifuta mikono kwa suruali. "Mzee alikuja, ndiyo. Nilimpa vichakavu."

"Alivichukua?"

"Alivichukua. Halafu wiki hiyohiyo akaja tena, akaomba tena, akanisalimia kama tumeonana mwaka jana. Nikampa tena. Mimi nani nimkatalie mzee?"

"Mara ya pili alijua kwamba ameshakuja?"

Amosi alimtazama, akaona kuwa swali lile si la matairi. "Dada, sijui. Kuna wateja wanakuja mara tano kwa pancha moja."

Zahida alirudi kwa miguu. Milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika mawingu mpaka shingoni, na joto lilikuwa la mvua isiyotaka kunyesha. Alipita nyumbani kwao bila kuingia, akaenda mpaka mwisho wa mtaa, akageuka.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alikuja Mzee Laurenti kutoka Bigwa. Laurenti alikuwa fundi wa ndege wa jeshi, mstaafu, aliyezigusa mig halisi ujanani, na kwa miaka minne alikuwa akiteremka kila Jumapili kuja kubishana na Badrudin.

"Shikamoo, Mzee Laurenti."

"Marahaba, binti Badru. Mgonjwa yuko wapi?"

Zahida alimwonyesha meza ya uani. Mzee aliinama, mikono mgongoni, akaizunguka ndege mara moja.

"Imekaa kama mlevi aliyekosa benchi," alisema. "Kambini tungeikuta hivi asubuhi, tungelala lokapu sote, pamoja na mpishi."

Nyuma ya pazia la mlangoni sauti ya mama yake, Shirin, ikasikika. Alikuwa ndani ya eda, hakutoka mbele ya wageni wa kiume, lakini masikio yake hayakuwa na eda. "Laurenti, usimcheke marehemu wangu."

"Simcheki yeye, shemeji. Nacheka ndege. Yeye nilimcheka akiwa hai, tena akanijibu."

"Basi iacheni. Alivyoifunga ndivyo alivyoifunga."

Laurenti alivuta kiti. "Mama yako amesema kweli. Ifunge uzi uitundike. Ndege iliyo hewani hakuna anayeiuliza magurudumu."

"Nataka kujua kama alisahau," Zahida alisema.

Laurenti alivua kofia, akaiweka gotini.

"Na ukishajua?"

Zahida alikuwa ameshachukua msumeno wa baba yake, ule mwembamba kama wembe. Alikuwa ameutoa tangu asubuhi, akaurudisha, akautoa tena. "Nishikie mkia, mzee."

Alianzia chini ya pua, juu ya mshono. Hapakuonekana mshono, alijua ulipo kwa sababu alimwona baba yake akiusugua siku tisa. Rangi ya kijivu ilichanika, unga mweupe ukamwagika mezani. Mara mbili msumeno uliruka, mara mbili Laurenti akasema "taratibu" bila kuinua sauti. Walipofika usawa wa mabawa Zahida aliingiza ncha ya kisu, akapanua kidogo, akavaa jichoni ile lenzi ya baba yake ya kutazamia saa, akamulika kwa tochi ya simu.

Harufu ya nta ilimfika kabla hajaona kitu.

Mle puani, pande zote mbili za lile tundu la hewa, kulikuwa na nta, imetandazwa vizuri. Juu ya nta kulikuwa na vishimo saba, virefu, vimepangwa kama viota. Kando ya kila kimoja palikuwa na alama ya kidole gumba, mistari yake inahesabika. Ndani ya viota hamkuwa na kitu.

"Ametandika, akasahau kulaza," Zahida alisema. "Ameweka nta, mzee. Risasi hakuweka." Alisukuma kiti nyuma, akasimama, akatembea mpaka kwenye bomba la maji, akalifungua, akalifunga.

"Njoo," Laurenti alisema.

"Nimeshaona."

"Hujaona. Leta macho yako, mimi yangu ni ya tangu enzi za vita. Huku chini. Konokono amepita hapa au naota?"

Zahida alirudi akainama. Kweli, kutoka kwenye viota kulikuwa na michirizi ya nta inayong'aa, inapita chini ya kiti cha rubani, inaelekea nyuma. Alichukua tena msumeno. Safari hii hakusubiri kuambiwa taratibu. Alikata tumbo zima mpaka kwenye bomba, akafungua, na pale, nyuma kabisa, vipande saba vya risasi vilikuwa vimegandana ndani ya nta kama kashata.

Laurenti alivigusa kwa ukucha.

"Vimetembea," Laurenti alisema. "Joto. Nta imeyeyuka, vikateleza, kukapoa, vikashika hukohuko. Ndiyo maana hata ukiitikisa hailii. Hii ndege ilisimamishwa wima mahali?"

Zahida alijua mahali. Siku ya maziko nyumba ilitolewa vyombo vyote ili watandike mikeka. Yeye mwenyewe ndiye aliyebeba kisanduku cha ndege mpaka stoo ya uani, chini ya bati tupu, na kwa kuwa magodoro yalikuwa yamejaa alikisimamisha kwa upande wa mkia. Kikakaa huko mpaka arobaini ilipopita.

"Mimi," alisema.

"Basi Badru hakusahau."

"Lakini nta, mzee. Nani anashika risasi kwa nta katika mji wa joto hili? Mtu mwenye akili zake angetumia nta?"

Laurenti alikuna kidevu. Ilionekana anatafuta neno la kumfurahisha, akalikosa, akaamua kusema analolijua. "Mimi ningemkatalia. Ningemwambia, wewe Mhindi, unataka kuua rubani. Lakini miaka arobaini ya ufundi saa amemwona nani akishika kitu kidogo bila nta? Skrubu, mshale, kito, vyote kwa nta. Tena saa ya mtu haiwekwi chini ya bati." Akavaa kofia. "Kama ni kusahau au ni mazoea, mwanangu, mimi fundi wa ndege. Hapo sifiki."

Laurenti alipoondoka, Zahida alikwangua nta yote kwa kijiti. Vile viota vyenye alama za kidole gumba aliviacha mwisho, akavitazama, halafu akavikwangua navyo, kwa sababu gundi haishiki juu ya nta. Alichanganya gundi ya mirija miwili kwenye kizibo cha soda, akavilaza vipande saba puani kimoja kimoja. Kisha akazikutanisha nusu mbili za mwili, akapaka gundi kwenye ukingo, akabana. Mipira ya kufungia iliteleza kwenye tumbo la mviringo. Ikabidi abane kwa vidole, asisogee, mpaka gundi ikamate.

Pazia likafunguka. Shirin alitoka akiwa na mtandio wake mweupe, akaketi kwenye kiti cha Laurenti.

"Nimesikia," alisema.

"Hakusahau, Mama. Nilimfungia duka mtu mwenye akili zake."

"Na saa ya mwalimu kwenye chai?"

Zahida alifikiri. "Ile aliiweka yeye."

"Aliiweka. Na mimi, mwezi wa tano, aliniita kwa jina la dada yake mara tatu. Sikukwambia." Shirin alikung'uta unga wa plastiki kwenye meza kwa ukingo wa kiganja. "Miaka arobaini na mmoja nimeishi na Badru, mchana wake ulikuwa wa saa za watu. Ulipochukua ule ufunguo ndipo nikampata mchana. Mimi nachambua mchele hapa, yeye pale na bati lake la shaba, ananiambia nisipumue upande wake." Akakusanya unga ukingoni mwa meza. "Yeye hakufurahi. Usijidanganye. Alikuwa na hasira na wewe mpaka mwisho. Mimi ndiye niliyefurahi, na nikaona haya kusema."

Zahida alitaka kuinuka. Alitaka kwenda getini, jikoni, popote. Vidole vilikuwa kwenye mshono.

"Alisema nini juu yangu?"

"Alisema ungempa mwezi mmoja zaidi dukani."

"Nisingempa."

"Najua. Nilimwambia hivyohivyo." Shirin alisogeza kiti karibu. "Huku nyuma pameachia. Nibane wapi?"

"Hapo, chini ya mkia. Usikaze sana."

Shirin aliweka vidole viwili mahali alipoelekezwa. Mikono yao minne ilijaa kwenye kile kitu kidogo cha kijivu.

"Dakika ngapi bado?"

"Kama kumi na tano."

"Basi tuliza mguu," Shirin alisema. "Meza nzima inatikisika."