Maji ya Moto ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu aliteremka kwenye basi la Houston akiwa na beseni lake mwenyewe, kana kwamba Fort Worth nzima haina beseni. Alikuwa amelifunga ndani ya kitenge pamoja na unga wa muhogo kutoka duka la Wakongo kule Alief, mtaani kwake Houston, na kabla hajavua viatu akauliza jiko letu linawashwa vipi. Amekanda wanawake waliojifungua tangu Uvira, kule Kongo, akawakanda kambini Tanzania, na hapa Texas bado anaitwa nyumba hadi nyumba. Sasa alikuwa amekuja kunikanda mimi.

Shida ni kwamba mimi sikujifungua. Nilitolewa kizazi.

Uvimbe ulikuwa umekua mpaka daktari akasema hawezi kuutoa na kuacha mfuko wenyewe. Nilikuwa navuja damu hadi nikaanguka kazini, kwenye nyumba ya wazee huko Arlington, mbele ya bibi mmoja niliyekuwa namlisha uji. Daktari alipotueleza, Placide, mume wangu, alikuwa ameketi kando yangu, mkalimani yuko kwenye simu, na kila neno lilipopita Placide aliitikia kwa kichwa. Alinishika hata mkono. Tuna mtoto mmoja tu, binti yetu Élysée, na Placide ndiye mwana pekee wa mama yake aliyetoka vitani akiwa hai. Tulipokuwa tunarudi nyumbani aliniambia, macho barabarani:

"Sandrine, kwa Mama tutasema batatoa fibrome tu, ile uvimbe. Kizazi iko. Nitamuelezea mimi mwenyewe, polepole."

Nikakubali. Nilidhani polepole yake ni siku chache.

Baada ya upasuaji nilijifunza mambo ambayo hakuna aliyenitajia. Kukohoa kulikuwa kazi ya kupangiwa: unakumbatia mto, unaubana tumboni, ndipo unakohoa, na bado unaona nyota. Kucheka nilikukataza nyumbani kwangu. Kwenda choo kubwa niliomba Mungu kwa majina yake yote. Kitandani sikuweza kugeuka bila kushika ukingo wa godoro na kujivuta kipande kipande, na nikishageuka najiuliza nilikuwa nataka nini upande huu. Hayo yote ningeyamudu. Maji ya moto ndiyo yaliyonishinda.

Mshono wangu umelala chini ya kitovu, sawasawa na wa mwanamke aliyepasuliwa kutoa mtoto. Mama mkwe alipouona, kwake mambo yaliisha hapo, kazi yake anaijua. Kila asubuhi Placide akishatoka kwenda kazini ghalani na Élysée akishapanda basi la shule, beseni lilikuja kando ya kitanda likifuka mvuke. Mama alichovya taulo, akalikamua, akaliweka tumboni na kukandamiza kwa viganja viwili. Mshono wenyewe aliukwepa, maana si mjinga. Juu yake na pembeni hakupahurumia.

"Vumilia, Mama Élysée," alikuwa akisema. "Kizazi kikipasuliwa kinahamahama. Lazima tukirudishe kwa fasi yake. Mwaka kesho utatupatia Heritier."

Heritier ni jina la marehemu mume wake. Alilitaja kwa upole hivi kwamba nilishindwa kumkasirikia. Hasira yangu niliiweka kwa mwanawe, na ilikuwa nyingi. Niliuma ncha ya shuka, machozi yakaingia masikioni, na mama wa watu akanifuta uso akidhani namlilia mtoto atakayekuja. Alipomaliza alinifunga tumbo kwa kitenge, akavuta hadi nikahema juu juu.

Jioni nilimngoja Placide.

"Umemwambia?"

"Ngoja dimanche, kiisha kanisa."

Jumapili ikapita. Nikamuuliza tena. Akasema presha ya Mama imepanda.

"Na tumbo langu je?"

"Anakanda tu, chérie. Kukanda haiue mutu."

Alisema hivyo akiwa na sahani ya ugali mkononi. Laiti ningeweza kuinua kitu kizito, ningemrushia.

Kisha asubuhi moja, baada ya kukandwa, nilisimama nikahisi joto likishuka mapajani. Damu nyekundu, mbichi, si yale madoa ya kahawia niliyoambiwa ni ya kawaida. Nilijifungia bafuni nikampigia Loice, nesi Mkenya tunayefanya naye kazi. Loice hana maneno matamu.

"Una-bleed aje? Umebeba kitu?"

"Sijabeba. Mama mkwe ananikanda. Na maji moto."

Akapaza sauti.

"Sandrine, wewe ni mjinga? Hiyo ni ya mama amezaa. Wewe umeshonwa huko ndani, na huo mshono ukiachana utakufa ukiangalia. Call daktari sasa hivi. Na huyo mama asikuguse tena, umeskia?"

Nikapigia kliniki simu, wakasema niletwe mara moja. Nikampigia Placide atoke kazini anipeleke. Nilipotoka bafuni nimejishikilia ukutani, Mama alikuwa ameleta maji mengine. Alikuwa amesikia nikilia, akaona dawa yake ni kuongeza moto.

"Lala, mwanangu. Damu ikitoka ni muzuri, uchafu unatoka."

"Mama, muache."

"Lala kwanza."

"Mama, hamna kitu mule. Bakatoa kizazi. Yote. Hamuwezi kurudisha kitu chenye hakiko."

Taulo lilibaki mkononi mwake likimchuruzikia miguuni. Maji yalikuwa ya moto lakini hakusogea. Aliketi kitandani taratibu, akatazama tumbo langu, kisha viganja vyake.

"Na uliniacha nikamue kidonda? Siku zote hizi nakuumiza, na unanyamaza? Juu ya nini, Sandrine?"

Hakuwa ameniita kwa jina langu tangu nizae Élysée.

"Mumuulize Placide," nikasema. Ningeweza kumweleza yote mwenyewe. Nilitaka yeye aseme. Nilitaka mara hii moja asimame mbele ya mama yake aseme, ni mimi niliyemnyamazisha.

Placide akaja mbio, na kizibao chake cha kazini bado mwilini. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti karibu na mlango, taulo limekunjwa chini yangu. Mama alisimama kati yetu.

"Placide. Ulijua kama bibi yako hana tena kizazi?"

Alinitazama. Nilimwona akinitazama, nikasubiri.

"Apana, Mama," akasema. "Hata mimi aliniambia fibrome tu. Ndiyo naisikia leo."

Mama akanigeukia. Sijawahi kuangaliwa vile na mtu aliyeniosha. Nilifungua mdomo, na tumbo likanikata, nikashindwa kutoa hata sauti. Tulikuwa tunatoka kwenda hospitali saa hiyo hiyo, hakukuwa na sababu ya mtu yeyote kuvua viatu, lakini Placide aliinama pale mlangoni akaanza kufungua kamba za viatu vyake, kimoja, kisha kingine, na hakuinua kichwa.