Mshono wa Bati

Kitambaa kilisimama katikati ya paa. Fundi alikirudisha nyuma, akafumba macho, akakipitisha tena, chepesi, kama mtu anayemfuta mtoto uso bila kutaka kumwamsha. Kiganja kitupu hudanganywa na ubaridi wa bati. Kikiwa juu ya kitambaa chembamba, husikia hata bonde la unene wa unywele. Hilo hakufundishwa na mtu. Aliligundua mwenyewe katika miaka thelathini ya kunyoosha bodi za magari, kabla mgongo haujamwangusha na kumleta kwenye meza hii ya jikoni. Siku hizi alitengeneza magari madogo ya bati, ya kukaa juu ya sahani.

Hili lilikuwa la mjane wa Polepole.

Polepole alikuwa dereva wa teksi, na jina hilo alipewa na abiria wake. Walisema mwenye haraka alikuwa akishuka, akitembea kwa miguu, kisha akimsubiri mbele. Miezi minane iliyopita, asubuhi na mapema, gari lake liliacha barabara kwenye mteremko, likagonga ukingo wa daraja na kukatika vipande viwili. Alikufa yeye na abiria mmoja, mwalimu wa kike aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwake. Askari aliyekuja kupima barabara aliandika kwamba dereva alisinzia. Tangu hapo watu wa nyumba ya tatu hawakuitikia tena salamu ya mjane, na baba mkwe wake aliiteremsha picha ya mwanawe ukutani.

Mjane alikuja na ombi lake akiwa bado amevaa aproni ya kazini, kwani alikuwa dobi. Alieleza kwamba katika kila picha aliyonayo, mumewe amejilaza juu ya boneti na gari halionekani. Alitaka kitu cha kuweka pale ukutani palipobaki msumari.

"Wewe unalijua kuliko mtu yeyote, shemeji," alisema. "Nitengenezee kama lilivyokuwa."

Fundi alikubali. Alikuwa na daftari la vipimo vya magari yote ya zamani yaliyopita mikononi mwake, na kila futi ya gari aliigeuza nusu inchi ya bati. Gari lile alilipenda tangu alipoliona mara ya kwanza. Liliundwa zama ambazo wachoraji wa magari hawakuogopa kupoteza bati. Mstari mmoja ulianzia juu ya taa ya mbele, ukapita begani mwa milango, ukashuka kidogo kama mtu anayevuta pumzi, kisha ukapanda hadi kwenye mapezi mawili ya nyuma. Taa zilikuwa za duara, kila moja na kope yake. Hakuna kitu kilichokuwa pale kwa ajili ya kutisha. Lilikuwa gari lenye adabu.

Alikata debe la mafuta kwa mkasi, akapiga madigadi ya kufunika magurudumu juu ya kipande cha mti, akachonga vitasa kwa waya. Wiki ya tatu, mkewe alisimama nyuma yake na kikombe cha chai.

"Mke mwenza ameamkaje?"

"Hajambo. Anadai taa."

Mkewe aliichukua ile bodi, akaigeuza tumbo juu. Kazi za mumewe alizijua kama alivyojua vyombo vyake vya jikoni.

"Bati la debe linatosha gari zima. Mengine yote umeyakunja kwa kipande kimoja," alisema. "Hili mbona umelikata?"

Fundi aliangalia. Alikuwa amelikata. Mshono wa risasi ya kulehemu ulipita kwenye sakafu chini ya viti vya mbele, ukapanda nguzo za milango kulia na kushoto, ukavuka paa. Alikuwa amelikata na kuliunga, wala hakujiona akifanya hivyo. Mikono ilikwenda ilikozoea.

Kwa sababu ndivyo alivyolifanya lile kubwa. Miaka sita nyuma, mwenye gari wa kwanza aliligongesha nyuma hadi halifai. Ikapatikana nusu ya nyuma ya gari jingine kama hilo, na Fundi akaambiwa aziunge nusu hizo mbili. Kazi ya namna hiyo hutaka ukanda wa chuma kwa ndani, sakafuni, uchomelewe pande zote mbili. Mwenye gari alikuwa na safari ya haraka. Fundi alichomelea kwa juu tu, akapaka puti ya kufunika mshono, akasugua, akapitisha kitambaa akiwa amefumba macho, na hakuna bonde alilolisikia. Aliona fahari. Polepole alipokuja kulinunua, alimwita Fundi pembeni akamuuliza kama limewahi kupata ajali. Fundi alimjibu kwamba liliguswa kidogo tu.

Baada ya mazishi alikwenda peke yake kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Nusu ya mbele ilikuwa huku, nusu ya nyuma kule, karibu na ua. Alipiga magoti akatazama ndani ya mpasuko. Sehemu kubwa ilikuwa na kutu ya zamani, nyeusi. Mshono ulikuwa ukiachia kwa miaka. Kipande kidogo tu kiling'aa, kilichokuwa kimeshikilia mpaka siku ile kwenye mteremko.

Mkewe hakuambiwa yote haya siku ile ya chai. Mengine alikwisha kuyakisia. Mengine aliyasoma kwenye mgongo wa mumewe.

"Utamwambia?" aliuliza.

"Itamrudisha mumewe?"

"Haitamrudisha. Ila wale wa nyumba ya tatu wataitikia salamu yake."

Fundi alivuta kopo la puti karibu. Alipaka puti juu ya mshono, akasugua kwa msasa wa maji, akapiga rangi ya kijani mara tano. Alipopitisha kitambaa, palikuwa laini kama tumbo la yai.

Mjane alikuja kulichukua alasiri. Mke wa Fundi alimkaribisha kiti, kisha akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Mjane aliliweka gari kwenye viganja vyake, vyenye alama za zamani za pasi, akalizungusha taratibu. Kwanza alicheka. Aliona kioo cha pembeni kimeinama, kama kile ambacho Polepole alikuwa akikifunga kwa kamba kila Jumatatu. Alitaja na mkwaruzo wa mlango wa nyuma. Akaanza kusimulia jinsi alivyokuwa akimtania mumewe kwamba akifika mbinguni kwa gari lile atakuta wamekwisha kufunga. Kisha sauti yake ikashuka.

"Hata mimi siku hizi naamini, shemeji."

"Unaamini nini?"

"Kwamba alisinzia. Usiku wa kuamkia siku ile mtoto alikuwa na homa. Nilimwamsha baba yake mara mbili akambebe, mimi nimechoka." Alipitisha kidole kwenye mapezi. "Ningemwacha alale, mwalimu yule angekuwa anafundisha."

Fundi alinyoosha mkono.

"Nipe."

Mjane alidhani kuna kitasa kimelegea, akampa. Fundi alichukua kipande cha msasa mezani, akakikunja mara mbili, akaanza kusugua mlangoni, pale nguzo inapopanda. Mjane alimwita jina lake la kazi, mara moja, kwa mshangao. Rangi ya kijani ilidondoka mezani kama unga. Baada yake ikaja puti, nyeupe. Baada ya puti, mstari wa risasi, wa kijivu. Aliufuata juu ya paa, akashuka nao upande wa pili, akaligeuza na kuumalizia sakafuni. Hakutoka nje ya mstari.

"Lilikuwa magari mawili," alisema. "Niliyeyaunga ni mimi. Aliniuliza, nikamwambia liliguswa kidogo tu. Niliuona mpasuko, shemeji. Una kutu ya miaka. Mumeo hakusinzia. Gari lilimkatikia mikononi kabla hajafika darajani."

Mjane hakulia. Alitazama unga wa kijani, halafu msasa, halafu mikono ya Fundi, kana kwamba anavihesabu vitu vilivyokuwepo chumbani.

"Haya utayasema mbele ya wale wa nyumba ya tatu?"

"Nitayasema."

"Na kwa askari?"

Nje, mke wa Fundi alikuwa ameacha kukung'uta nguo.

"Na kwa askari."

Mjane alilichukua gari tena. Mkono mmoja aliuweka kwenye boneti, penye taa zenye kope, mwingine kwenye mapezi, na vidole gumba vyake viwili vikakutana katikati, juu ya mshono.

"Mshono huu nao ni kama ule?" aliuliza. "Wa juu tu?"

"Wa juu tu."

Akaanza kulikunja, polepole sana. Fundi aliweka mikono yake juu ya meza, wazi, akasikiliza bati likianza kulia.